Kibati cha nyanya, mama yake mama, tulichokuwa tukikichezea: nani anajua ni cha nini?

Mjukuu wa Riruta (mwenye uzi)

Habari za jioni wana ukumbi. Naomba msaada wa wazee na wa yeyote aliyesoma historia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Riruta kumhamisha nyanya. Ana miaka 87 na wajomba wamemjengea chumba cha mawe, basi tukawa tunatoa vitu katika ile nyumba ya mabati aliyoishi tangu mama yangu akiwa mdogo. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku jeusi la bati, la kufungwa kwa kufuli. Ndani mlikuwa na leso tatu ambazo hajawahi kuzivaa, cheti cha ubatizo, picha ya harusi iliyoliwa na mende pembeni, uzi wa katani uliotungwa senti zenye tundu katikati, na kibati kidogo.

Hicho kibati nakijua. Sisi wajukuu tulikua nacho. Ni bapa, kinaenea kiganjani, kina kifuniko na vipete viwili juu vya kupitishia kamba. Tulikuwa tukitia kokoto ndani na kukitikisa kama kayamba. Nyanya hakuwahi kutukataza, ila kila jioni kabla ya kufungia kuku alikuja kukidai. Mwiko wake ungeweza kulala nje, sufuria pia, lakini kibati lazima kirudi.

Mama anasema kilikuwa cha ugoro. Mjomba mkubwa anasema cha hirizi. Nyanya mwenyewe nilipomwuliza alisema "weka hapo", akaendelea kukunja leso. Nani amewahi kuona kitu kama hiki? Na kama kwenu kuna kitu kinachokaa tu kabatini na hakuna aliyewahi kuuliza habari zake, kileteni hapa.

Mwalimu Mstaafu

Mjukuu, mama yako na mjomba wako wote wamekosea. Hicho ni kibati cha kipande.

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Vita Kuu vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa karibu 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi iliyoitwa kipande, yenye jina lake, alama za vidole vyake, kabila lake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwacha aende. Bila sahihi hiyo hakuna mwingine aliyemwandika kazi, na akiondoka tu kwa kuchoka kuonewa, hilo lilikuwa kosa la kushtakiwa. Kulikuwa pia na nafasi ya mwajiri kuandika maoni yake. Neno moja baya pale lilimfuata mtu kila alikobisha hodi.

Karatasi hailindiki na jasho na mvua, ndiyo maana ikatiwa katika kibati na kibati kikatundikwa shingoni. Wakikuyu wa siku hizo walikiita mbugi, yaani ile njuga ya mbuzi. Fikirini mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye mbuzi wake mwenyewe aliowavisha njuga, sasa naye amevishwa yake.

Wanawake hawakubeba. Kwa hiyo hicho ni cha mume wa nyanya yako au cha baba yake. Kwa umri aliofikisha, mimi nasema ni cha baba yake, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1940 utaratibu ule wa kuwaandikisha Waafrika peke yao ulibadilishwa.

Mjukuu wa Riruta (mwenye uzi)

Mwalimu, nimesoma jibu lako nikiwa kwenye matatu na nimepitiliza kituo. Tulikuwa tukikitia kokoto. Tulikuwa tukikitikisa.

Binti wa Shauri Moyo

Sasa ndiyo naelewa kwa nini mama hadi leo kitambulisho anakiita kipande. "Umebeba kipande?" Kila tukitoka. Sikujua neno lenyewe lina uzito huo.

Mwalimu Mstaafu

Ndiyo hilo hilo, Binti. Na jueni kwamba wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa kwa kitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Mama zetu wengi walipiga kura, wakalea, wakazika, wakalima mashamba, kabla ya kuwa na kadi yenye majina yao.

Dereva wa Zamani

Mimi naingilia hapo kwenye senti zenye tundu, maana hapo ndipo ninapopajua.

Hizo ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ile senti 1, ile ya 5 na ile ya 10 zote zilitobolewa katikati, na watu walizitunga kwenye uzi kama shanga wakajifunga kiunoni au kuzificha darini. Kenya ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka wa 1966, tundu likatoweka. Mama yangu alilalamika kwamba pesa mpya hazina pa kushikia.

Sasa mweke sikio hapa. Magari ya kwanza ya kubeba abiria yasiyo na leseni, yale mabovu mabovu ya kutoka mitaa ya Eastlands, nauli ilikuwa senti 30. Yaani vile visarafu vya senti 10, vitatu. Kwa Kikuyu watu walisema mang'otore matatu. Jina la gari likatoka hapo. Kwa hiyo mjukuu akihesabu vitatu vya senti 10 kwenye uzi wa nyanya, ana nauli kamili ya matatu mkononi.

Mama Pacha wa Umoja

Mzee Dereva, mimi niliambiwa ni kwa sababu zilikuwa na viti vitatu.

Dereva wa Zamani

Hapana mama. Viti havikuwa vitatu, vilikuwa mbao mbili na watu wamening'inia. Ni nauli. Nilianza kama utingo, na mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni ile ya mabasi, tajiri wangu alinunua mchele na nyama, akatulisha wote gereji.

Mama Pacha wa Umoja

Nimekubali, na asante.

Langu ni fupi. Nyanya yangu alimzaa mama pale Pumwani. Mama akanizaa Pumwani. Mimi nikawazaa pacha wangu Pumwani, usiku wa mvua, umeme umepotea na unarudi. Hospitali ile ilianza mwaka wa 1926, ikaitwa jina la mke wa gavana, Lady Grigg. Nyanya alisema siku zake wanawake wengi waliiogopa, walitaka kuzalia nyumbani na wakunga wanaowajua. Yeye alienda kwa sababu mkunga wake mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Huyu mtoto amekaa vibaya, mimi siwezi, twende." Wakaenda wawili kwa miguu, mkunga amembebea leso. Huyo mkunga ndiye ninayemkumbuka kila Pacha wakisherehekea siku ya kuzaliwa. Angeona aibu kukubali kwamba kazi imemshinda, nisingekuwepo.

Mkaazi wa Kariokor

Mmeongea habari za vita, nami naishi kwenye jina lake. Wengi wanaonunua vyondo na viatu vya ngozi pale sokoni, au waliokuja kula nyama, hawajui kwamba Kariokor ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu vya Kwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno hilo hilo. Waingereza na Wajerumani walipigana huku kwetu, na mizigo ya jeshi ikabebwa vichwani na watu wetu, waliochukuliwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa.

Nendeni Kenyatta Avenue mkasimame mbele ya ile sanamu ya watu watatu wa shaba, ya mwaka wa 1928. Maneno yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanasema kwamba mkiipigania nchi yenu, hata mkifa wana wenu watayakumbuka majina yenu. Nimeisoma nikiwa na baba yangu, ambaye babu yake hakurudi kutoka upande wa Tanganyika. Tukazunguka sanamu kutafuta majina. Hakuna hata moja.

Baba akalitaja jina la babu yake kwa sauti, pale pale, magari yakipita. Tangu siku ile, kila tukipita hapo tunalitaja.

Binti wa Shauri Moyo

Mkaazi, nimelia.

Kwetu ni sahani. Sahani ya bati ya rangi ya maziwa, ukingo wa buluu, imebanduka upande mmoja. Tarehe 24 Aprili 1954 askari kwa maelfu waliizingira Nairobi nzima, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Waliitwa mbele ya watu waliovishwa gunia kichwani lenye matundu ya macho, gakunia, nao wakitingisha kichwa tu, umekwenda. Babu alichukuliwa akiwa anatoka kazini. Nyanya na watoto wakarudishwa mashambani na magari ya jeshi.

Babu akafika Manyani, kambi ya kuwafungia waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Huku nyumbani nyanya alimpakulia kila usiku. Chakula kilikuwa haba, kwa hiyo alikuwa akipakua kijiko kimoja, anakifunika, na watoto wakishalala alikirudisha chunguni kiwe cha asubuhi. Mama anasema walijua. Walikuwa wanajifanya wamelala. Hakuna mtoto aliyewahi kusema, maana sahani ile ilikuwa inawaambia kwamba baba yuko hai.

Alirudi mwaka wa 1959. Nyanya hakupiga kigelegele wala hakukimbia mlangoni. Aliichukua ile sahani akapakua mpaka ikajaa.

Mwalimu Mstaafu

Binti, umenifundisha kitu ambacho sikukisoma chuoni.

Nyota ya Ngara

Nimesita kuandika, lakini uzi huu umenipa nguvu.

Mwalimu ametaja kipande. Aliyekipinga kwa sauti kubwa hapa mjini alikuwa Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Alipinga kipande, kodi ya vibanda, kupunguzwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kazi za mashamba. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na pale Chuo Kikuu kilipo leo. Tarehe 16 wajumbe wa kiume walitoka kuongea na serikali, wakarudi kuwaambia watu watawanyike. Watu wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipopandisha nguo yake na kuwaambia wanaume waichukue, wampe yeye suruali zao. Kwa asiyejua, mwanamke mzima kujivua mbele ya watu ni laana nzito, hakuna kubwa kupita hiyo. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi langoni, askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, na waliokuwepo wakasema walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Thuku akapelekwa Kismayu, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Kenya.

Sasa ruka miaka 70. Mwishoni mwa Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakadai watoto wao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na gesi. Profesa akapigwa mpaka akazimia. Na wale wamama wazee wakavua nguo. Kutoka pale alipoangukia Nyanjiru mpaka pale ni mwendo usiofika nusu saa kwa miguu. Hakuna aliyewafundisha. Waliijua kwa mama zao.

Sasa niwaambie kwa nini naandika. Shangazi yangu alikuwa akiuza uji kwa vibarua wa mjengo. Wale wamama walipohamia kanisa kuu la All Saints, ambako walikaa karibu mwaka mzima, shangazi alikuwa akipita na thamosi mbili kila asubuhi. Hakuwa na mtoto gerezani. Hakuwa mtu wa siasa. Mumewe alimwuliza, "Wewe unatafuta nini huko?" Akajibu kwamba mama mwenye mtoto gerezani hasikii njaa, kwa hiyo lazima mtu mwingine aisikie kwa niaba yake. Thamosi moja iliangushwa mbio za siku moja ikabonyea. Ninayo mimi. Haishiki moto tena, lakini iko juu ya kabati, na mapema 1993 karibu wale wafungwa wote walipoachiliwa, shangazi alipika uji akautia humo humo, ukapoa, tukaunywa hivyo.

Kijana wa Kariobangi

Nyota, hiyo ya kusikia njaa kwa niaba ya mwingine sitaisahau.

Mimi nina daftari. Kurasa 32, la jalada la buluu, la mama. Mama hakusoma. Alikuwa mama mboga, hesabu zote kichwani, wateja wa mkopo anawakumbuka kwa sura. Mwaka wa 2008 mzee Kimani Maruge aliletwa kukaa katika makao ya wazee huku kwetu Kariobangi. Mnamkumbuka: aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo za msingi, akavaa soksi ndefu na kaptura kama wenzake. Alisema alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanasema kweli. Mwaka wa 2005 alifika Umoja wa Mataifa kuwaombea watoto elimu. Ghasia za baada ya uchaguzi zikamng'oa nyumbani, akaishi kwenye hema, na bado akaenda shule. Huku Nairobi alijiandikisha tena.

Mama alimwona mara moja tu, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alirudi nyumbani kimya, akaosha miguu, akasema, "Kesho naenda ngumbaru." Alikuwa na miaka 56. Jioni tulikaa meza moja, mimi na hesabu za darasa la saba, yeye na a, e, i, o, u. Nilikuwa namshikia mkono kuandika herufi ya "m". Maruge alifariki Agosti 2009, mama akiwa anaweza kusoma majina ya barabara. Ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika majina yetu watoto wote sita, na la baba, na la yule dada yetu aliyekufa mchanga, ambaye hatukuwa tukijua jina lake. Hakuwahi kulitamka. Aliliandika.

Mwalimu Mstaafu

Mjukuu wa Riruta, uko wapi? Neno moja kwako. Ukirudi kwa nyanya usimwulize "hiki ni nini". Mzee ukimwuliza hivyo anakupa jibu la kukuondoa. Fanya naye kazi yoyote ya mikono, halafu mwekee kibati mapajani, unyamaze. Usitoe simu.

Mjukuu wa Riruta (mwenye uzi)

Nimerudi. Samahani kwa siku tisa za ukimya, na asanteni kila mmoja, nimesoma yote zaidi ya mara moja.

Mwalimu, nilifanya ulivyosema. Tulimenya viazi vya kutosha mazishi. Mjomba mkubwa alikuwepo, na mama. Nikakiweka mapajani mwake. Alinyamaza mpaka maji yakachemka. Kisha akakifungua, akanusa. "Ugoro," akasema. Kwa hiyo mama hakukosea kabisa: karatasi ilipokwisha kazi, baba yake alikigeuza cha ugoro mpaka alipofariki.

Kisha akatuambia hivi, na namnukuu nilivyoweza kukumbuka, maana aliongea Kikuyu.

"Baba hakujua kusoma. Mimi ndiye msichana wa kwanza kwetu kwenda shule ya misheni. Alikuwa akitunza bustani ya Mzungu, upande wa Muthaiga. Jioni moja akarudi mapema, akakaa hapo nje, akatoa karatasi akaniita. Alikuwa ameachishwa. Miaka 7 amemwagilia maua ya mtu. Akaniambia, nisomee ameandika nini juu yangu.

"Nilikuwa na miaka 9. Maneno mengi yalinishinda. Lakini moja nililijua, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akiliandika ubaoni kando ya majina ya watoto waliochelewa. Lilikuwa Kiingereza, na maana yake ni mvivu.

"Nikamwangalia baba. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nikamwambia, imeandikwa kwamba huyu ni mtu mwaminifu na anajua kazi yake.

"Akanishika kichwani. Akaikunja karatasi polepole, akairudisha. Kesho yake akaenda kutafuta kazi akiwa na furaha, akiwaonyesha watu. Wakaisoma wakamfukuza. Akazunguka karibu mwaka. Akawa anasema kazi zimekuwa haba. Mpaka anakufa alikuwa anawaambia watu Mzungu alimwandikia maneno mazuri. Siku ya mazishi mzee mmoja alisimama akayarudia."

Mama alikuwa ameacha kumenya. Mjomba alitoka nje. Miaka yote hiyo nyanya hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

Akaniuliza kama ni kweli nimeandika habari za kibati kwenye simu na watu wakajibu. Nikamwambia ndiyo, watu wengi, na nikamsomea ya sahani na ya thamosi. Akataka arudiwe ya sahani.

Kisha akasema: "Waandikie kwamba alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Muthaiga, na jioni akarudi kwa miguu. Jumapili alilima letu. Ule mparachichi ni yeye aliupanda. Hakuwa mvivu. Waandikie hivyo."

Nimeandika, nyanya.